Ramani Yenye Bitana

Kila Septemba, shule zinapokaribia kufunguliwa, duka la vitabu lililo chini kidogo ya posta ya Kigali hujaa wazazi wanaosukumana kununua vitu ambavyo watoto wao watavipoteza kabla ya Krismasi. Katika msukumano wa mwaka 1985 aliingia Shamsa Mukarugwiza, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Hakufuata daftari. Alitafuta gazeti la mitindo la Ulaya, lile lenye karatasi kubwa ya patroni, michoro ya kukatia nguo, iliyokunjwa katikati. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya kahawa, lililokatwa kwa namna inayowafanya wanawake watazame kwanza mishono kisha uso, na wanaume wafanye kinyume chake. Mtandio mweupe ulikuwa umemteremka mabegani kwa sababu ya joto la watu.

Nyuma ya kaunta aliona karatasi ukutani. Ilijaa mistari ya hudhurungi iliyopindapinda, mahali imebanana, mahali imeachana. Akapenyeza bega baina ya wazazi wawili.

"Kaka, samahani. Ile patroni ya ukutani ni ya gauni la saizi gani?"

Mwuzaji alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, uso wake mzito kama wa karani wa mahakama. Aligeuka akautazama ukuta, akarudi kumtazama Shamsa.

"Ile, dada, ni Ruhengeri."

"Sikukuuliza imetoka wapi. Nimekuuliza saizi."

"Saizi yake ni moja kwa elfu hamsini. Ile ni ramani. Hapo unapodhani ni kiuno ni mlima Muhabura."

Kaunta nzima ilicheka. Shamsa hakutahayari, fundi aliyezoea kuambiwa na wateja kwamba wamenenepa kwa kosa lake hatahayari upesi.

"Basi huyo Muhabura wako amewekewa marinda mengi mno," alisema. "Aliyemshona hakukionea kitambaa huruma."

Mwuzaji aliacha daftari alizokuwa akizihesabu. "Umejuaje kwamba mistari ikibanana nchi imeinuka?"

"Kitambaa kikibanana kinainuka. Wewe ulidhani kinakwenda wapi?"

Jina la mwuzaji lilikuwa Yasini Gasana. Aliwauzia ramani za ng'ambo mapadri, madereva wa malori na Wazungu wa miradi, na aliweza kumweleza mtu barabara ya Lubumbashi kona kwa kona. Yeye mwenyewe hakuwa amevuka mpaka wowote. Safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Rwamagana, na huko alikuwa amepelekwa na mazishi. Jambo hilo halikupunguza hata chembe imani yake kwamba anaijua dunia.

Shamsa alipewa gazeti lake. Alilipa, akatoka, na alipofika njia panda akagundua kwamba amesahau chenji. Wajuzi wa mambo ya moyo husema watu hawasahau chenji hivihivi. Huenda ni kweli. Shamsa aliirudia, na mazungumzo yakaendelea mpaka duka likafungwa.

Tangu siku hiyo simu ya duka la Sibomana haikupumzika. Sibomana aliuza sukari na mafuta ya taa jirani na kibaraza cha Shamsa, na simu yake, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ndiyo iliyokuwa sikio la mtaa mzima. Kila jioni aliutoa mkono wake nje ya mlango na kuita, "Fundi! Ruhengeri anakutaka!"

"Allo, sheri," ilisema sauti ya Gasana. "Unafanya nini?"

"Nashona suruali ya mtu mwenye tumbo."

"Mlima?"

"Kilima tu. Lakini kinakua. Na wewe?"

"Nimemwuzia padri ramani ya Zaire. Nimemwonya asiamini mistari ya vikatovikato. Ile ni barabara wakati wa kiangazi. Masika ni mto."

"Mbona zaidi ya hiyo sheri yako hujawahi kuniambia maneno ya mapenzi, Gasana? Kila siku barabara na mito."

"Hayo ndiyo maneno ya mapenzi, Shamsa. Mengine sikuyasoma."

Sibomana, aliyekuwa akipima sukari ileile kwa mara ya tatu, aliitikia kwa kichwa.

Hazikupita wiki nyingi kabla Gasana hajatuma wazee kwa mama yake Shamsa, Mukandekezi, mjane mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Mama aliwakaribisha, akawapa chai ya tangawizi, akasema yeye mwenyewe amempenda kijana. Kisha akataja tatizo. Marehemu mumewe alikuwa mtoto wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani, na ndugu yake pekee, Mzee Feruzi, alibaki kijijini Igwanya, upande wa Tanzania, ng'ambo ya Nyakanazi. Huyo baba mdogo ndiye walii wa Shamsa, mwenye haki ya kumwozesha. Bila ruhusa yake hakuna nikaha. Barua mbili zilikwisha pelekwa na hazikujibiwa.

Wazee walikwenda kwa shehe kuuliza kama kadhi hawezi kushika nafasi ya walii. Shehe alifikiri, akajibu:

"Kadhi humwoza asiye na walii. Huyu anaye, na yu hai. Ila ninyi hamjui njia ya kumfikia. Kutojua njia si kufiwa."

"Nitakwenda mimi," alisema Gasana alipoletewa jibu. Alisema kwa utulivu wa mtu ambaye kwake safari ni karatasi.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Shamsa alimkuta amejaza kaunta ramani. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama shuka, na barabara zake nyekundu zilikimbia kutoka Sudan mpaka Zambia.

"Hii ni ramani ya barabara," alisema Gasana. "Kwanza tazama kona ya chini, mwaka wa kuchapwa. Ramani husomwa kuanzia mwaka wake, kama vile mtu anavyotazama maziwa kabla ya kuyanywa. Pili, kipimio. Weka kidole gumba hapo. Kidole chako kimefunika mwendo wa lori asubuhi nzima."

"Na baba mdogo yuko chini ya kidole?"

"Pamoja na watu wengine laki moja. Hii itanifikisha mkoani, haitanifikisha kwa mtu. Kwa hiyo tunataka na ramani ya sura ya nchi, kama ile ya Ruhengeri. Ile huonyesha daraja, kijito, njia ya miguu. Mama alisemaje?"

Mama yake alifika Igwanya mara moja tu, alipokuwa bibi arusi. Alikumbuka daraja la mto, na baada ya daraja njia ya kulia. Basi.

Gasana alifungua karatasi nyingine yenye miraba na namba tu, kama kitambaa cha drafti. Ramani za namna hiyo, alieleza, haziji zote dukani. Unachagua mraba unaoutaka, unaagiza namba yake Dar es Salaam. Alitembeza penseli kutoka Nyakanazi, akafuata mto, akasimama. Daraja lilikuwa kwenye mstari unaotenga mraba na mraba.

"Ego ko!" alisema Shamsa. "Kwa nini mzee huyu asiishi katikati ya karatasi kama watu wengine?"

"Wote tunaowatafuta hukaa pembeni. Tutaagiza mbili."

Zilifika mikononi mwa Twagirayezu, dereva aliyepeleka kahawa Dar. Siku hiyo Gasana alikuwa Butare na shehena ya vitabu vya chuo, kwa hiyo Shamsa ndiye aliyezipokea. Alizitandaza kwenye meza ya kukatia, akazisikitikia. Karatasi laini! Vumbi la lori na jasho la mikono vingezichana kabla ya Kibungo, hata mpakani hajafika. Na zilikuwa mbili, zitapeperuka kila moja upande wake. Akaamua kumfanyia mchumba wake zawadi ambayo hakuna mwuza ramani aliyewahi kuipata.

Hakutafuta jina la kijiji. Kusoma ilikuwa kazi ya mwenye ramani. Yake ilikuwa kuunganisha. Alikata kingo nyeupe, akaziweka karatasi uso kwa uso, akaacha nafasi ya mshono upana wa kidole kila upande, kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine, akazipitisha chini ya sindano kwa mshono mrefu usiochana. Akakandamiza kwa pasi ya uvuguvugu. Akatia bitana ya kitambaa cha marekani, akazungushia pindo la kijani, akamalizia kwa kifungo na kitanzi.

Alimkabidhi Gasana ramani huko Remera, pale malori yalipokuwa yakisimama kabla ya kushika barabara ya mashariki. Shamsa alivaa gauni jeupe la maua madogo ya buluu. Gasana alivaa koti la marehemu babake, lililomzidi mikono.

"Shamsa, hii ni ramani au ni joho?"

"Ni ramani iliyovaa."

Gasana aliipapasa bitana. Midomo yake ilisogea kama mtu anayetaka kusema neno asilolisoma. "Nikirudi," alisema hatimaye, "nitakuja na mtu wa kuniozesha."

"Rudi hata peke yako, mradi urudi," alisema Shamsa, na baadaye alijutia sana maneno hayo, maana yalitimizwa kama yalivyo.

Alirudi peke yake, na upesi kuliko ilivyotarajiwa. Sibomana aliita bila mzaha. "Fundi. Simu."

"Umefika! Baba mdogo yuko nawe?"

"Baba mdogo hayupo. Na Igwanya haipo."

"Haipo vipi? Mama alilala kule!"

"Jina sikuliona kwenye ramani, nikadhani kijiji ni kidogo mno. Nimevuka daraja. Nimeshika njia ya kulia iliyo kwenye ramani. Nimetembea mpaka kinamasi. Nikamkuta mchunga ng'ombe, nikamwuliza, akasema huku hakuna kijiji."

"Uliuliza watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja!"

"Yeye na ramani walikubaliana. Shamsa, kama kwenu sitakiwi, mngesema tu. Nimesikia wazee wakisimulia: mtu akikataliwa kwa adabu huagizwa maziwa ya simba."

Damu ilimpanda Shamsa. "Unamwita mama yangu mwongo?"

"Ninasema nilichokiona."

"Hukuona kitu! Wewe huoni kitu mpaka kichapwe. Basi nenda kaoe ramani!"

Aliibwaga simu. Sibomana aliiokota, akaifunika kitambaa chake kama mtu afunikaye maiti.

"Fundi," alisema taratibu, "simu haina kosa."

Kesho yake Twagirayezu alileta ramani, imekunjwa vizuri, kifungo ndani ya kitanzi, bila neno. Shamsa aliitupa juu ya kabati la vitambaa. Mama yake aliyapokea maneno ya Gasana bila kupandisha sauti. "Kwa hiyo mimi niliota daraja," alisema, na kwa siku nyingi hakulisema jambo hilo tena, na kwa Mukandekezi hiyo ilikuwa namna ya kupiga kelele.

Shamsa alishona. Alishona vibaya, kisha akafumua, kisha akashona tena. Kila simu ilipolia kwa Sibomana, mguu wake ulisimama kwenye kanyagio la cherehani, na kila mara alikuwa mtu wa kuulizia sukari.

Asubuhi moja alikuja Nyiraneza, mke wa mchinjaji, na kanga mbili mpya kutoka Tanzania. Alitaka gauni la kuvaa katika arusi ya mpwawe. Kanga ziliandikwa: NILIYEMNGOJA AMEFIKA.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Nyiraneza. "Usinilie maneno. Fundi mwingine, simtaji, aliniunganishia kanga mwaka jana, maneno yote yakaingia kwenye mshono. Nikaenda arusini nimevaa maua tu. Nami nilinunua maneno!"

"Mama, mimi sili maneno ya mtu."

"Wote husema hivyo. Hebu bana nione."

Shamsa aliziweka kanga uso kwa uso, ukingo wenye maandishi juu ya ukingo wenye maandishi, akabana pini upana wa kidole, akafungua ili amwonyeshe. Maneno hayakuwapo. Juu kulikuwa na maua, maua na maua. NILIYEMNGOJA AMEFIKA alikuwa ndani, gizani, akijitazama mwenyewe.

"Unaona!" alisema Nyiraneza kwa ushindi.

Shamsa hakuwa tena mezani. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, akivuta kitu kutoka juu ya kabati.

"Fundi? Kanga zangu!"

"Zinakuja, mama. Kaa kidogo. Mungu wangu, kaa tu."

Alichukua wembe. Alikata bitana, akafikia mshono, akaukata uzi mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa hata gauni la arusi. Karatasi ikafunguka. Katika ukanda mwembamba uliokuwa umekunjwa ndani, mara tu baada ya daraja, njia ya vikatovikato ilichepuka kulia, ikapita mbele ya vijisanduku vyeusi vya nyumba, na kando yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa Igwanya. Kijiji kizima kilikuwa kimelala ndani ya mshono wake, mzee, mkewe, mbuzi na msikiti, huku yeye akimlaumu mwenzake kwa kutokiona.

Aliondoka vilevile, subana kidoleni, vipande vya uzi kichwani, akapanda kilima mpaka mjini. Nyiraneza alibaki akilinda kibaraza, akilalamika kwa raha.

Duka la vitabu lilikuwa limejaa. Gasana alikuwa akimhudumia mzee mmoja aliyetaka daftari. Uso wake ulikuwa umezidi uzito, na kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa kimedondoka bila kurudishwa. Shamsa alikiona kifungo kwanza. Ilimwuma kuliko alivyotaka.

Alitandaza ramani juu ya daftari za mzee.

"Tazama. Ni mimi niliyekimeza kijiji. Nafasi ya mshono, kidole huku, kidole huku. Sikusoma. Nilishona tu. Nisamehe, Gasana."

Gasana aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, na masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Njia hii," alisema, "niliiona."

"Uliiona wapi? Ilikuwa kwenye mshono!"

"Niliiona kwa macho. Pale darajani. Ilikuwa na alama za baiskeli, na mwanzoni mwake mama mmoja akiuza karanga. Nikatazama ramani, haimo. Nikasema si njia."

"Watu wanapita na baiskeli."

"Ndiyo."

"Mama anauza karanga. Anamwuzia nani, vyura?"

"Ndiyo, sheri. Yaani, hapana."

"Na wewe ukampita ukaenda kwenye kinamasi."

"Ramani ilisema kinamasi." Alivuta pumzi. "Niliogopa, Shamsa. Sikuwahi kufika popote. Karatasi hii ndiyo kitu pekee kule nilichokijua. Halafu nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikamtupia mama yako aibu yangu. Nitamwomba radhi kwa magoti."

"Kwa magoti utachafua suruali, na nitakayeifua ni mimi."

Mzee wa daftari alikohoa. "Mesye, na daftari zangu?"

"Subiri kidogo, mzee," alisema Gasana bila kuinua macho. "Hapa watu wanaoana."

Watu waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi, na mzee, baada ya kufikiri, akaamua kupiga pia.

Mukandekezi alimsamehe Gasana baada ya kumweka barazani juani muda wa kutosha kuonyesha kwamba angeweza kutomsamehe. Shamsa alizibandika upya karatasi mbili juu ya marekani, ukingo kwa ukingo, kwa gundi ya wanga, bila sindano. Na Twagirayezu akamchukua tena abiria wake, safari hii akiwa na sharti moja kutoka kwa mchumba: amwulize mwuza karanga.

Shamsa alirudi kungoja simu. Ilipolia, Sibomana hakuita. Alitoka mwenyewe akikimbia, viatu mkononi. Sauti iliyokuwa ndani ya simu ilikuwa ya mzee, na ilipiga kelele kama ya mtu asiyeamini kwamba waya unatosha.

"Allo! Wewe ndiye binti ya kaka yangu uliyeniweka kwenye mshono?"

Shamsa alikaa juu ya gunia la sukari. "Ni mimi, baba mdogo. Shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba! Tuko Kibungo, posta, na huyu bwana wako mwenye koti la kuazima. Unajua yule mwuza karanga ni nani? Ni mke wangu! Mara ya kwanza alirudi nyumbani akatuambia amemwona mtu anasoma karatasi njia panda, akatazama njia, akatazama karatasi, akaenda kwenye kinamasi. Tulicheka wiki nzima. Na juzi anakuja mbio: yule bwana wa karatasi amerudi, na leo anauliza!"

"Na unasemaje, baba mdogo?"

"Nasema mtu aliyeingia kinamasini kwa ajili yako, kisha akarudi kuuliza njia, hana haja ya kupelelezwa zaidi. Mwambie mama yako apike pilau."

Nikaha ilifungwa Biryogo siku ya Ijumaa. Shamsa alikuwa chumba cha ndani na mama yake na Nyiraneza, aliyevaa kanga zake, maneno yote yakionekana. Mzee Feruzi alikuja mlangoni kumwuliza anataka mahari gani.

"Ramani mpya ya barabara," alisema Shamsa, "ya mwaka huu, inayofika mpaka pwani, ambayo haijapita chini ya sindano. Anipeleke nayo kule babu zetu walikotoka. Na kila njia panda aulize watu."

Mzee alirudi kwa shehe. Ilisikika minong'ono, kisha sauti ya shehe ikapaa, kavu na wazi: "Ramani ni mali, inafaa kuwa mahari. Kuuliza njia si mali. Hiyo ni tabia. Aiahidi tu."

"Naahidi," alisema Gasana, haraka mno, na wanaume wakacheka.

Waliichagua pamoja, kwenye kaunta ileile. Gasana alitazama mwaka na kipimio. Shamsa alizipapasa karatasi zote kwa kidole na kidole, akakataa tatu kwa sababu zingechanika kwenye mikunjo. Na walipoondoka na lori la Twagirayezu, wakapita mpaka wa Rusumo, wakafika penye njia mbili ambazo Gasana angeweza kuzitaja namba zake kwa kichwa, alimwomba dereva asimame. Alishuka na koti lake, sasa likiwa limepunguzwa mikono, akamwendea mama aliyekuwa akianika mihogo, akamwamkia, akamwuliza.

Mama alimwelekeza. Ilikuwa njia ileile ya kwenye ramani. Gasana alirudi garini na mihogo mitatu ya zawadi, uso wake mzito kama wa karani wa mahakama, akampa Shamsa.

"Amesema tushike kushoto," alisema. "Na amesema gauni lako limeshonwa vizuri."

"Hilo," alisema Shamsa, akimega muhogo, "hukuhitaji kuuliza."